Wasomi wanatucheka kwa sababu ya dini, je turudishe matusi?

SWALI: Assalaam alaykum sheikh. Nafanya kazi na watu wenye elimu kubwa na vyeo, tukikaa kula mchana maongezi yao ni kuwacheka watu wa dini tu, mara tumebaki nyuma, mara tunakandamiza wanawake, mara ndoa imepitwa na wakati, na mimi nikisema neno wanaangaliana wanatabasamu. Ukifungua televisheni ni haohao. Nimeingia grupu la WhatsApp la waumini wenzangu, huko tunawatukana na kurusha klipu zao, wengine wanasema hiyo ni jihadi ya ulimi. Klipu moja ya profesa niliyorusha nimekuja kujua ilikatwa maneno. Na binti yangu yuko chuo kikuu, ameanza kuongea kama wao, tangu likizo sijaongea naye. Nafanyaje?

JIBU: Wa alaykumus salaam warahmatullah ndugu yangu. Swali lako limenikosesha raha, na zaidi ni hiyo sentensi ya mwisho umeipitisha haraka haraka, nitaifikia.

Hasira yako ina sababu, asikuambie mtu unajifanya mwonewa. Huko kuangaliana kwao kumetajwa kwenye Surat Al-Mutaffifin aya ya 29 na 30, kwamba waliofanya uovu walikuwa wakiwacheka walioamini, na wakiwapitia wanakonyezana. Na wakubwa wa kaumu ya Nuhu a.s. walimwambia hatuoni waliokufuata ila watu duni kati yetu (Hud 27). Dharau hii ni kongwe, wewe si wa kwanza.

Ila hii inayoitwa jihadi ya ulimi naikataa, na naikataa kwa nguvu kwa sababu nimeisikia mpaka kwa watu wanaopanda mimbari. Hoja yao kubwa ni Hassan bin Thabit r.a., mshairi wa Mtume, wanasema si Mtume s.a.w. alimwamrisha awakashifu Makureshi, kabila lake mwenyewe lililokuwa likimpiga vita, kwa mashairi? Ndiyo, lakini mbona hawaisomi hadithi mpaka mwisho? Iko kwenye kitabu cha hadithi cha Imam Muslim, ameipokea bi Aisha r.a., mke wa Mtume, Mtume alimwambia usifanye haraka, Abu Bakr ndiye anayezijua zaidi nasaba, yaani koo, za Makureshi na mimi nina nasaba kwao, nenda kwanza akubainishie nasaba yangu. Hassan akaenda, akarudi, ndipo akasema nitakuchomoa kati yao kama unywele unavyochomolewa kwenye unga uliokandwa. Yaani mshairi wa Mtume mwenyewe, adui yuko vitani, na bado anaambiwa kahakikishe kwa anayejua ili asimguse asiyehusika! Wewe usiku uko kitandani unarusha klipu hujui nani kaikata wala kasema nini kabla na baada, halafu unajifananisha na Hassan? Mtume kasema inamtosha mtu kuwa muongo kusimulia kila alichosikia, na aya ya 6 ya Al-Hujurat ya kuhakikisha habari mnaisoma kila siku, basi haina kifungu kinachosema isipokuwa habari za mnaowachukia.

Wengine wanasema lakini hata wao wanatuzushia. Al-Maida aya ya 8 inajibu, chuki ya watu isiwapeleke mkaacha uadilifu. Hapo hatuongelei marafiki, tunaongelea watu ambao kuna chuki kweli.

Na matusi nayo, kuna Mayahudi waliingia kwa Mtume wakasema assaamu alaykum, yaani mauti yawe juu yenu, wakijifanya wanasalimia. Bi Aisha akawarudishia na laana juu. Mtume akamwambia taratibu ewe Aisha, Allah anapenda upole katika mambo yote. Aisha akasema, hukusikia walichosema? Mtume akamjibu, nimeshawaambia wa alaykum, yaani na juu yenu. Angalia, hakunyamaza na hakuogopa, alijibu neno moja likatosha. Ndiyo maana sikubaliani pia na wanaowaambia waumini wainamishe kichwa tu wale chakula chao.

Hapo mezani fanya hivi. Wakiikejeli dini yenyewe nyanyuka, An-Nisaa 140 imekataza kukaa nao mpaka waingie kwenye maongezi mengine, kwa hiyo wakibadilisha maongezi rudi ukae nao, hujaambiwa uwahame moja kwa moja. Lakini mwenye kuleta hoja huyo si mwenye kukejeli, huyo msikilize amalize. Utba bin Rabia alikuwa mkubwa wa Makureshi, alikuja kumtaka Mtume aache ujumbe wake kwa kumpa mali na utawala, Mtume akamwacha aongee yote kisha akamuuliza kwa jina lake la heshima, umemaliza ewe Abul-Walid? Ndipo akamsomea Qur'an. Na wakisema kweli, kubali. Wakikuambia wapo watu wa dini wanaowanyima mabinti mirathi, waambie wapo na wanaipinga An-Nisaa aya ya 7. Nakuhakikishia nusu ya ubishi unaishia hapo, kwa sababu walitegemea utatetea kila uchafu unaofanywa na mtu mwenye kanzu.

Klipu ya profesa, kuifuta peke yake haitoshi, ile ni haki ya mtu. Andika kwenye grupu lilelile kwamba klipu ilikatwa maneno, na aliyeirusha ni wewe, na uliowatumia pembeni uwaambie mmoja mmoja, wakikuita msaliti vumilia.

Sasa binti yako. Hapa hukuniuliza hukumu lakini ndipo ninapokuogopea zaidi, maana wale wasomi umewapa dakika zako zote na mtoto umempa ukimya. Nuhu huyohuyo aliyechekwa, mwanawe alikuwa upande wa wale wanaomcheka, na jahazi tayari liko kwenye mawimbi kama milima bado anamwita, ewe mwanangu panda pamoja nasi. Hakusema we si ulijiunga nao. Mpigie leo. Muulize afya na masomo, mjadala uuache kabisa siku hiyo, na akikuuliza mbona ulininyamazia mwambie ukweli kwamba ulikasirika na ulikosea kunyamaza. Siku akileta mwenyewe hayo anayofundishwa msikilize mpaka amalize, na usilolijua mwambie hili silijui mwanangu, nitauliza. Hata mimi unaweza kuniandikia swali lake, nitalijibu kwa heshima yake yeye.

Allahu a'lam.