Kabla Hujaweka Jiwe la Msingi la Kituo cha Hisabati

Juma lililopita nilipokea ujumbe kutoka kwa mwalimu kijana anayefundisha hisabati wilayani Kibondo. Baada ya salamu zake za heshima, alinieleza kwamba yeye na wenzake wawili wamepewa ekari tatu na serikali ya kijiji, kwamba wameshachorewa ramani ya jengo lenye madarasa sita, maktaba na bweni, na kwamba sasa wanatafuta fedha ili mkoa wa Kigoma nao uwe na kituo cha umahiri katika elimu ya hisabati. "Mwalimu, wewe ulitutangulia katika jambo hili," alimalizia, "tushike mkono." Nimemjibu kwa ufupi na kumwahidi jibu refu hapa, kwa sababu najua hayuko peke yake. Wewe unayesoma makala haya huenda nawe unayo ramani kama hiyo ndani ya sanduku.

Mimi pia nilikuwa na ramani. Mwaka 2011 nilikopa katika chama chetu cha akiba na mikopo, nikanunua kiwanja nje kidogo ya mji wa Kigoma, nikamwita fundi. Nilikuwa nimefundisha hisabati sekondari kwa miaka mingi, na nilikuwa nimechoka kuona matokeo ya kidato cha nne yakitoka huku somo letu likishika mkia mwaka baada ya mwaka, nchi nzima, kana kwamba ni jambo la kawaida kama masika na kiangazi. Niliamini kwamba tukipata jengo zuri, lenye jina zuri, walimu watakuja, wafadhili watakuja, na watoto watafaulu. Kibao niliandikisha mapema kuliko kuta. Kilikuwa cha bati, rangi ya samawati, na maneno "Kituo cha Umahiri wa Hisabati" yaliandikwa kwa herufi nyeupe zilizosomeka kutoka barabarani.

Kuta zilifika kwenye lenta, fedha zikaisha.

Nikaandika andiko la mradi lenye kurasa 46, pamoja na mchanganuo wa gharama hadi bei ya misumari, nikalipeleka katika ofisi moja kubwa ambayo sitaitaja. Nilisafiri kwa treni hadi Dar es Salaam, nikakaa kwa ndugu siku tisa nikingoja kuitwa. Siku ya tisa nilipoitwa, aliyenipokea hakufungua hata ukurasa wa pili. Aliniuliza, "Kwa nini huko mwisho wa reli? Si mngeomba mradi wa mawese?" Kisha akanirudishia andiko langu kwa mkono mmoja, huku mkono wa pili ukiwa tayari kwenye simu. Nimejitahidi kulisamehe jambo hilo na sijafaulu kikamilifu. Mtu anaweza kukunyima fedha kwa sababu hana, na hilo linaeleweka. Lakini kumwambia mwalimu kwamba watoto wa mahali fulani hawahitaji hisabati ni kuwapangia watoto hao maisha kabla hawajajifunza kuhesabu.

Tena huyo hakuijua hata historia ya reli aliyoitaja. Reli hiyohiyo inapita Tabora, ambako Mwalimu Nyerere mwenyewe alisoma sekondari, na inaishia kwetu, kwenye ziwa ambalo ng'ambo yake ni Kongo. Huko Kongo, karibu na Ziwa Edward, ulichimbuliwa mwaka 1950 mfupa wa Ishango, wenye umri unaokadiriwa kuwa miaka 20,000 hivi, ukiwa na mikato iliyopangwa kwa makundi. Wataalamu bado wanabishana kama mikato ile ilikuwa hesabu, kalenda au kitu kingine. Ninapowaonyesha wanafunzi picha yake, huwa nawaambia kwamba eneo hili letu la maziwa makuu halikuanza kupanga alama kwa makundi juzi.

Nilirudi Kigoma na kwa karibu miaka mitatu sikutaka kusikia neno kituo. Mbuzi wa jirani walilala ndani ya kuta zangu. Nilipokuwa nikipita pale jioni nilikuwa nikigeuza uso.

Kilichonirudisha ni kusoma jinsi wengine walivyoanza. Ipo taasisi inayojulikana kwa kifupi kama AIMS, yaani Taasisi ya Afrika ya Sayansi za Hisabati, iliyoanzishwa na mwanafizikia Neil Turok, mzaliwa wa Johannesburg ambaye utotoni aliishi Dar es Salaam wazazi wake wakiwa uhamishoni kwa sababu ya kupinga ubaguzi wa rangi, na ambaye amesimulia mara nyingi jinsi mwalimu wake wa huko alivyomwamsha akili. Taasisi yake ilifungua milango mwaka 2003 Muizenberg, karibu na Cape Town, ndani ya jengo la zamani lililokuwa hoteli. Baadaye yalifunguliwa matawi Senegal mwaka 2011, Ghana 2012, Kameruni 2013, kwetu Tanzania 2014 na Rwanda 2016. Kilichonishangaza si idadi ya matawi. Kilichonishangaza ni namna wanavyoishi: wanafunzi kutoka nchi mbalimbali za Afrika wanakaa chini ya paa moja na walimu wao, wahadhiri wanakuja kwa zamu za majuma matatu matatu, wanakula pamoja, na wakufunzi wasaidizi wapo pale usiku na mchana, hata mwanafunzi aliyekwama saa nne usiku anapata mtu wa kumgongea mlango. Hoteli ile ingeweza kuwa ghala au shule ya zamani, na kazi ingekuwa ileile.

Nikasoma pia kuhusu mradi wa Vituo vya Umahiri vya Afrika ulioungwa mkono na Benki ya Dunia, ambao mwaka 2016 ulifika Afrika ya Mashariki na Kusini. Kimoja kati ya vituo hivyo kiko kwa majirani zetu Rwanda, katika kampasi ya Rukara ya Chuo Kikuu cha Rwanda, na kazi yake hasa ni kufundisha namna ya kufundisha hisabati na sayansi. Angalia mambo mawili hapo. La kwanza ni kwamba vituo hivyo viliwekwa ndani ya vyuo vilivyokuwa tayari vinafanya kazi. Hakuna aliyepewa fedha kwa ajili ya kiwanja kitupu. La pili ni kwamba sehemu kubwa ya fedha ilitolewa kadiri matokeo yaliyokubaliwa yalivyothibitishwa. Niliposoma hayo nilikumbuka kurasa zangu 46, nikatambua kwamba ndani yake mlikuwa na saruji, nondo, mabati na viti, na hamkuwa na mtoto hata mmoja.

Basi nikaanza upya kwa aibu na kwa unyenyekevu. Nilimwomba mkuu wa shule moja mjini chumba kimoja siku za Jumamosi, kuanzia saa tatu asubuhi hadi saa saba. Walikuja walimu saba. Sheria yetu ilikuwa moja tu: kila mwalimu alete madaftari mawili ya wanafunzi waliokosea, na asije na daftari la mwanafunzi hodari. Tulisoma makosa yale kama daktari anavyosoma kipimo, tukijiuliza mtoto huyu alifikiri nini hadi akafika hapa, kisha tukayaandika katika daftari kubwa la kaunta ambalo hadi leo tunaliita Daftari la Makosa. Sasa tuko katika daftari la kumi na moja.

Jumamosi moja mwalimu alikuja na binti wa kidato cha pili mwenyewe, pamoja na daftari lake. Binti huyo alikuwa ameandika kwamba nusu ukijumlisha na theluthi unapata mbili ya tano, kwa kujumlisha namba za juu peke yake na za chini peke yake. Kosa hilo ni maarufu na kila mwalimu amelisahihisha kwa kalamu nyekundu mara elfu. Nilijua mama yake anauza mawese sokoni na kwamba binti humsaidia, kwa hiyo nikamuuliza, "Mama ana nusu dumu la mafuta. Ni lita ngapi?" Akajibu mara moja, "Kumi." Nikamwambia, "Mjomba amekuletea theluthi ya dumu, ukamimina humohumo. Sasa kwa jibu lako mna mbili ya tano ya dumu. Hizo ni lita ngapi?" Alipiga hesabu kwa vidole chini ya meza, akanyamaza, akapiga tena. Kisha akaniangalia na kusema kwa sauti ndogo, "Nane. Mwalimu, mafuta yamekwenda wapi?"

Hatukumjibu. Tulipanga chupa sita za maji juu ya meza tukamwambia zote kwa pamoja ndizo dumu. Akatenga tatu, akasema hiyo ni nusu. Akatenga mbili nyingine, akasema hiyo ni theluthi, kwa sababu sita ukigawa kwa tatu ni mbili. Akaitazama chupa iliyobaki peke yake kwa muda mrefu, akaishika shingoni, akasema, "Tano kati ya sita." Walimu saba watu wazima tulikuwa tumesimama kuizunguka meza ile na hakuna aliyetia neno. Binti huyo leo yuko chuo kikuu akisomea ualimu wa sayansi na hisabati, na ninaandika hili kwa fahari ambayo sitaificha.

Kutokana na Daftari la Makosa tuligundua pia kwamba makosa mengi ya kidato cha kwanza si ya hisabati. Mtoto amesoma hisabati kwa Kiswahili darasa la kwanza hadi la saba, anajua sehemu, anajua kipeuo cha pili, anajua angalau na zaidi ya, kisha ghafla maneno yote yanabadilika kuwa Kiingereza na anaonekana mjinga. Tulitengeneza orodha ya maneno ya hesabu katika lugha zote mbili, tukaibandika ukutani, na walimu wakaiga madarasani mwao. Karatasi hiyo moja imefanya kazi kubwa kuliko kuta zangu zote.

Sasa nizungumze nawe moja kwa moja, mwalimu wangu wa Kibondo, na wengine mnaotamani jambo hili. Anzeni na walimu. Tafuteni watano au sita ambao watakuja Jumamosi bila kulipwa posho, na msiwahukumu wasiokuja, kwa sababu nauli ni nauli. Chumba mnacho tayari: vipo vituo vya walimu katika kata nyingi ambavyo hufunguliwa siku ya semina tu, na siku hizi mpango wa mafunzo endelevu ya walimu kazini, MEWAKA, unawataka walimu wakutane shuleni na kujifunza pamoja, kwa hiyo afisa elimu hatawaona kama watu wa ajabu mkiomba ufunguo. Jiungeni na Chama cha Hisabati Tanzania ili msifanye kazi kama kisiwa. Tarehe 14 Machi, ambayo UNESCO iliitangaza mwaka 2019 kuwa Siku ya Kimataifa ya Hisabati, waiteni wazazi waje waone watoto wao wakishindana, maana mzazi aliyemwona mtoto wake akisimama ubaoni hawezi tena kumwambia kwamba hesabu ni za wenye vichwa vyao.

Na andikeni kila kitu. Nani alikuja, kosa gani lilijadiliwa, lilisahihishwaje, na baada ya miezi mitatu mwanafunzi yuleyule aliandika nini. Nalirudia hili kwa sababu ndilo lililonigharimu: andikeni. Mfadhili wa kweli akija siku moja, na huja, atawauliza mmefanya nini, wala hatawauliza mnatamani nini. Mimi nilikuwa na matamanio ya kurasa 46.

Msikubali pia mtu yeyote awaambie kwamba umahiri una mahali pake na kwamba mahali hapo si kwenu. Walimu tunafanya dhambi tunapolipokea neno hilo na kulipeleka darasani, kwa sababu mtoto analiona usoni mwetu kabla hatujafungua kitabu.

Kuhusu zile ekari tatu, zipandeni mihogo na maharage msimu huu. Mavuno yatawalipia nauli walimu wanaotoka mbali, na kijiji kitaona kwamba ardhi yake haikulala. Kiwanja changu nacho bado kipo na kuta zake hazijaezekwa; kibao nilikishusha, nikakipaka rangi nyeusi, na sasa ni ubao wa pili katika chumba chetu cha Jumamosi.

Tunakutana tena Jumamosi ya kwanza ya mwezi ujao, saa tatu asubuhi. Panda basi la Ijumaa, utalala kwangu. Njoo na madaftari mawili ya wanafunzi waliokosea, na kama yupo mmoja ambaye kosa lake limekushinda kabisa kulielewa, anza na la huyo.