Nipunguzieni naiti, msinitoe leba

Mmeuliza: mtumishi aliyevuka miaka 55 abaki kazini au awapishe vijana? Mimi ni muuguzi mkunga, nina miaka 57, niko kituo cha afya mkoani Tanga. Kwa sheria ya utumishi Tanzania naweza kustaafu kwa hiari tangu 55, na kwa lazima nikifika 60. Maprofesa na madaktari bingwa wameongezewa hadi 65. Sisi wakunga hatumo.

Usiku mmoja mwaka jana mama alijifungua salama, kisha damu ikaanza kutoka kupita kiasi. Nikachukua kichupa cha oksitosini, dawa ya kukaza mfuko wa uzazi, kumwongezea dozi, nikashindwa kusoma maandishi. Taa ilikuwa hafifu na miwani nimeisahau nyumbani. Binti niliyekuwa naye zamu, hata mwaka hajamaliza kazini, akaipokea, akasoma jina la dawa na tarehe kwa sauti, akachoma. Mimi nilikuwa nakanda mfuko wa uzazi mpaka nikausikia umekaza. Nikauchukua mkono wake nikauweka pale pale tumboni. "Ukiwa mgumu hivi, sawa. Ukilegea, kanda tena, usingoje damu."

Mama alipona. Siku mbili baadaye mkubwa wangu akaniambia nimechoka, nihamie mapokezi nikaandike kadi. Nililia siku ile, sifichi.

Kilichonishinda ni maandishi madogo. Miwani ya kusomea na taa kali vinatosha kwa hilo. Naiti, yaani zamu za usiku, ni jambo jingine, hizo kweli zinanielemea: nikiingia mbili mfululizo, siku tatu mwili haurudi, na mkunga mwenye usingizi ni hatari kwa mgonjwa. Nipangiwe asubuhi na jioni, nipangwe na mgeni wa kazi, tushike wagonjwa pamoja.

Kuhusu ajira za vijana, linaniuma kuliko mnavyodhani, maana mwanangu mwenyewe ana cheti cha uuguzi na yupo nyumbani anangoja kuitwa. Nataka aajiriwe hata kesho. Lakini akifika leba akute wote ni wapya kama yeye, nani atamshika mkono auweke tumboni mwa mama?

Mwezi uliopita wameripoti wauguzi wapya watatu. Nimemwomba inchaji aniandike nao kwenye ratiba ya zamu, mmoja mmoja, kwa miaka mitatu niliyobakiza. Bado hajanijibu.