Presha ya mama haishuki, tumeambiwa akapige MRI ya figo

SWALI: Shikamoo dokta. Niko Pasua, Moshi. Mama yangu ana miaka 61, anameza dawa tatu za presha na bado inasoma 180 kwa 100. Walipomuanzishia lisinopril, dawa nyingine ya presha, kreatinini (kipimo cha damu cha kuona figo zinavyofanya kazi) ikapanda sana, wakaisimamisha hiyo dawa. Ultrasaundi ya mishipa ya figo haikuonyesha vizuri kisa gesi tumboni, sasa wanataka MRI. Jirani anasema mionzi yake na ile dawa wanayochoma vitammaliza figo. Twende au tuache?

JIBU: Marahaba. Nendeni. Hiyo kreatinini kupanda baada ya lisinopril ndo imemshtua daktari, na ana haki kushtuka. Mshipa wa figo ukibana, kwa umri wa mama mara nyingi ni mafuta yameganda ndani, figo inapata damu kidogo inadhani mwili mzima umepungukiwa, inaachia homoni za kupandisha presha, sasa lisinopril inakata hiyo njia na uchujaji unaanguka, hasa kama mishipa imebana pande zote mbili.

MRI haina mionzi, ni sumaku na mawimbi ya redio, jirani kachanganya na CT, ile picha ya eksirei. Ila kwenye dawa hajakosea sana. Inaitwa gadoliniamu, na kwa mtu ambaye kipimo cha figo kuchuja (eGFR) kiko chini ya 30 aina za zamani zimewahi kuleta ugonjwa wa ngozi kukakamaa, ni nadra lakini mbaya, kwa hiyo bebeni majibu ya kreatinini ya karibuni na muulize kama itatumika aina salama zaidi, au picha ipigwe bila dawa, inawezekana pia.

Kama ana betri ya moyo au klipu ya chuma aliyowekewa kichwani kwa upasuaji aseme mapema. Mashine inagonga kwa kelele na ataambiwa avute pumzi aishikilie, akipumua picha inatikisika, mfanyisheni mazoezi nyumbani.

Halafu muulizeni daktari: mkikuta mshipa umebana mtafanya nini? MRI wakati mwingine inatia chumvi, inaonyesha mshipa umebana kuliko ulivyo. Na utafiti wa CORAL wa Marekani, majibu yalitoka 2014, ulikuta kwa wagonjwa wengi wa aina hii kuongeza stenti (kibomba cha kuutanua mshipa) juu ya dawa hakukuwasaidia kuliko dawa peke yake. Ila presha ikikataa kabisa, au maji yakimjaa ghafla kwenye mapafu, hapo stenti inafikiriwa.

Dawa zingine za presha asiache. Na kama anameza diklofenaki ya magoti mwambieni daktari, nayo inapandisha presha na kuumiza figo.