Maski yenye skrini jichoni: nimeivaa misimu miwili, nakujibu nilivyoiona

Mkuu umeuliza kama inalipa kununua ile skrini ndogo ya jichoni inayofungwa kwenye maski ya kuzamia au ubaki na kompyuta ya kuzamia ya mkononi, ile inayovaliwa kama saa na kukuonyesha kina, muda na kasi ya kupanda. Inategemea macho yako na mikono yako, ntakwambia kwa nini.

Mimi nilinunua sababu ya macho. Umri umesogea, ya mkononi nikawa naisoma kwa kurefusha mkono kama mzee na gazeti, na maji yakiwa na tope ukirefusha mkono ndo unaipoteza kabisa. Hii ina lenzi inayofanya namba zionekane zinaelea mbele yako umbali wa kama mita moja, kwa hiyo jicho halihangaiki hata kidogo.

Raha yake utaiona wakati wa kupanda. Mkono mmoja uko kwenye jaketi la kuelea unatoa hewa, mwingine umeshika kamera au kamba ya boya, na bado kasi unaiona (mi sivuki mita 9 kwa dakika), zile dakika 3 za kusimama kwenye mita 5 kwa usalama nazo unazihesabu bila kuinua kitu. Presha ya mtungi pia ipo hapo hapo, inatumwa na transimita, kidude kinachofungwa upande wa mtungi.

Ila sasa, maski ndo kitu chepesi kutoka mwilini. Siku moja tuko mita 14 jamaa wa mbele kageuka ghafla, pezi lake la mguuni likanipata usoni, maji yakajaa. Kutoa maji sio ishu, kila mtu kafundishwa, ishu ni kwamba muda wote huo sijui napanda au nashuka maana kila kitu kilikuwa kwenye maski hiyo hiyo. Nilivyoirudisha skrini ilikuwa imepinda, tarakimu ya mwanzo imekatika, mtungi una presha ya baa 110 mi nasoma 10! Nshampa mwenzangu ishara ya kuishiwa hewa ndo nagundua. Alinicheka mpaka kwenye boti.

Tangu siku hiyo nazamia na kompyuta ya kawaida mkononi kama akiba, kwa hiyo piga hesabu ya vifaa viwili sio kimoja. Ile NERD 2, skrini ya jichoni ya kampuni ya Shearwater, inaweza kukaa kwenye regyuleta (kile cha mdomoni unachopumulia) badala ya maski, hapo angalau maski ikitoka skrini inabaki na wewe, ingawa bila maski utasoma ukungu tu.

Mengine madogo: upande wenye skrini kuna kipande cha maji hukioni, mwenzako akae upande wa pili. Naye hawezi kuchungulia namba zako kama za mkononi. Na mwanzoni utaangalia namba kuliko samaki, mi ilinichukua dive kama kumi kuacha.

Kabla hujalipa nenda na maski yako ujaribu kama skrini inafungika vizuri juu yake. Yangu ya zamani ilikataa, nikalazimika kununua na maski nyingine.