Usizime tu newArchEnabled, utalia baadaye

Kijana mmoja wa Mbarara kaniuliza inboksi: "Bro, nimeapugredi React Native, app inakrashi, niweke newArchEnabled=false niendelee na maisha?" React Native ni zana ya kutengeneza app za simu kwa JavaScript, na newArchEnabled ni swichi ya kuwasha au kuzima mfumo wake mpya wa ndani. Ssebo, kwenye toleo la 0.76 mpaka 0.81 kuizima kutakuokoa, lakini kuanzia 0.82 hata ukiiandika haisikilizwi, mfumo wa zamani hauwashiki tena.

Mimi nilikuwa na app ya sacco ya watu wa boda hapa Kampala, mwanachama analipa akiba, karani anaprinti risiti kwa kale kaprinta ka bluetooth. Kwenye Tecno ya bei ya chini ukiskroli orodha haraka unaona weupe mtupu, majina yanafika baadaye. Ni ile briji (daraja) ya mfumo wa zamani: kila ujumbe kati ya JavaScript na Android unageuzwa maandishi ya JSON, unapanga foleni kama watu wa benki siku ya mshahara. Sasa kwenye mfumo mpya kuna JSI, njia ya moja kwa moja: JavaScript inashika kitu kilichoandikwa kwa lugha ya C++ na kukiita hapo hapo. Weupe umepungua sana, sisemi umekwisha.

Skrini zilihamia Fabric, mchoraji wa skrini wa mfumo mpya, bila kelele. Printa ndiyo ilinitoa jasho. Laibrari yake, yaani kodi (code) ya kuiendesha iliyoandikwa na mtu mwingine, mwenye nayo kaitelekeza, na ingawa kuna tabaka la kati linalobeba nyingi za zamani, hii ilikuwa inakata katikati ya risiti, basi nikaiandika upya kama TurboModule, moduli ya mfumo mpya. Unaandika spec (maelezo ya kazi zake) kwa TypeScript, zana iitwayo Codegen inatoa fremu ya kodi, unajaza kwa Kotlin, lugha ya Android. Bildi ikagoma usiku kucha, kumbe kodi ya zamani ina Int (namba nzima) na Codegen inaigeuza number ya TypeScript kuwa Double (namba ya desimali), hazilingani. Neno moja!

Nimemaliza, bosi ananiambia "app si ilikuwa inafunguka, hela ya ziada ya nini?" Kazi akampa mpwa wake. Sawa. Juzi huyo mpwa kanipigia kuuliza Codegen ni kitu gani. Nilimweleza, bure, ila nilicheka kwanza.

Sasa nyie vijana acheni uvivu. Kabla ya kugusa kitu angalieni kama laibrari zenu zinakubali mfumo mpya kwenye tovuti ya reactnative.directory, pandeni toleo moja moja, msiruke. Na mjaribu bildi ya rilisi, ile inayoenda kwa watumiaji, kwenye simu za wananchi, zile zenye RAM ya giga 2, siyo emuleta (simu ya kuigiza) kwenye laptop ya nguvu halafu mnakuja kutukana React Native mtandaoni.