Ripita isikie kwanza, wati baadaye

Mtu akiniuliza afunge ripita, yaani mtambo wa kupokea na kurusha upya sauti za redio, ya wati ngapi, namuuliza: unataka imsikie nani? Ripita inayosikika wilaya nzima lakini haimsikii mwenye redio ya mkononi ni hasara tupu.

Huku kwetu Mbeya milima ndiyo inayoamua. Masafa ya VHF tunayotumia sana kwenye redio za ridhaa, zile za kujifunza na kuzungumza bila biashara, husafiri karibu kama macho yanavyoona. Ukiwa Uyole na redio yako ya wati 5, mwenzako yuko Tukuyu, milima ya Uporoto inawaziba. Ripita ikikaa kileleni inawaona wote wawili: inamsikia mmoja kwenye masafa fulani na papo hapo inamrusha kwenye masafa mengine. Katika bendi ya mita 2, pengo lililozoeleka kwetu ni kilohezi 600, yaani inasikia kwenye megahezi 145.000 na kusema kwenye 145.600.

Sasa ona ugumu ulipo. Antena ni moja. Kisemeo, yaani sehemu inayorusha, kinatoa wati 50, na pembeni yake kuna kipokezi kinachotafuta sauti hafifu kabisa. Kinachowatenganisha ni dupleksa, ile mitungi ya chuma inayochuja masafa, mara nyingi sita, mitatu ya kupokea na mitatu ya kurusha, kila mmoja umetyuniwa kwa masafa yake. Hapo usibane hela. Na ikishatyuniwa, usiguse skrubu zake bila kipimo.

Msimu mmoja wa mvua ripita yetu iliziba masikio. Mjini tulikuwa tunaongea vizuri, ila mwenzetu wa Igurusi hakuweza kuifungua, yaani kuifanya irushe sauti yake. Tukaongeza wati, hali ikawa mbaya zaidi. Mwishowe nilipanda mlimani, nikazima kisemeo na kumwomba wa Igurusi abonyeze redio yake. Kwenye spika akasikika safi: “Shikamoo kaka, unanipata?” Nikawasha kisemeo, sauti ikazama kwenye mchakacho. Kipokezi kilikuwa kizima, ila kisemeo chetu wenyewe ndicho kilichokuwa kinakiziba. Nikafungua plagi ya kebo chini ya antena, maji yakanichuruzikia kiganjani, na waya wa shaba ulikuwa wa kijani. Kiungo hicho kibovu ndicho kilichogeuza nguvu ya kisemeo kuwa kelele masikioni mwa kipokezi. Fanya jaribio hilo la kuzima na kuwasha kisemeo kabla hujanunua kitu chochote.

Tangu siku hiyo kila kiungo cha nje nakizungushia utepe wa mpira unaogandana wenyewe, nikianzia chini kwenda juu ili maji yateleze. Kebo nayo ichague kwa makini. Mita 30 za RG-58, ile kebo nyembamba, zinameza takriban robo tatu ya nguvu kwenye masafa haya, na sauti dhaifu inayoshuka kutoka kwenye antena inamezwa vilevile. Kebo nene ni ghali, lakini inalipa pande zote mbili.

Mnara uwe na waya wa ardhi wa kweli, maana radi zetu mnazijua. Leseni ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano, iwe mkononi kabla ya kuwasha. Weka na toni, mlio wa chini unaotumwa pamoja na sauti kama ufunguo, kwa mfano ya hezi 88.5, ili ripita isifunguliwe na kelele za ovyo.

Baada ya kubadilisha plagi na kipande cha kebo tulishusha kisemeo hadi wati 25. Igurusi anaingia bila shida, na betri inafika asubuhi hata zile siku za Januari ambazo sola haioni jua.