Usivuke kijito asubuhi ukitegemea kurudi jioni

Mkuu, simama hapo hapo. Eti unapanga kufika alfajiri, kuvuka kijito penye mawe, kushinda ng'ambo ukivua trauti, samaki wa maji baridi, na kurudi machweo, kwa kuwa umeambiwa uchague siku ya jua kali? Huyo mshauri namjua aina yake, hata mimi nilimsikiliza. Siku nikikutana naye nitamwomba atangulie kuvuka.

Mwanzoni mwa majira ya kuchipua, jua hilo hilo ndilo linaloyeyusha theluji. Alfajiri kijito kimepungua kwa sababu usiku kucha huko juu kumeganda. Alasiri maji yanaanza kuteremka, na kadiri theluji ilivyo mbali ndivyo yanavyochelewa kukufikia, pengine hadi usiku. Asubuhi yalikuwa magotini, jioni yako kiunoni, tena yamechafuka, huoni unapokanyaga. Kasi ya mkondo ikiongezeka maradufu, nguvu inayokusukuma inakuwa mara nne. Miguu nayo imeshakufa ganzi. Mvua ikinyesha juu ya theluji ndiyo balaa kabisa.

Kwa hiyo vulia upande ule ule ulioacha gari. Ukifika, kabla hata ya kufungua begi, chomeka kijiti ukingoni maji yanapoishia. Kitazame kila baada ya nusu saa. Maji yakikipita kwa upana wa vidole viwili, au majani makavu yakianza kuelea kwa wingi, toka. Na kipimajoto usikiache: kizamishe kivulini dakika moja hivi. Jua likiwaka huku maji yakizidi kupoa, maji ya theluji yanakuja.

Suruali ya mpira ivalie mkanda, uukaze. Bila mkanda, ukianguka ni mtungi unaojaa.

Halafu alfajiri yenyewe ya nini? Maji yakiwa chini ya nyuzi 5 hivi, trauti anatulia chini kwenye kina, hakimbizi kitu. Ingia saa tano, saa tisa uwe unakunja mshipi. Saa hizo nne zinakutosha, na ng'ambo huna ulichosahau.

Uliuliza nini tena, fimbo ya kuvulia? Ya mita 2.4 inatosha. Inzi bandia, yaani chambo chako, awe wa kuzama, ndoana namba 14, mwenye kichwa kizito. Asipogusa mawe mara mojamoja hajamfikia samaki, ongeza chubwi, kile kizito cha mshipini. Ukiona changarawe imesafishwa ikang'aa kuliko ya jirani, usikanyage, huenda kuna mayai. Na kama utalala huko, hema lipige juu, mbali na ukingo.